Shangazi, nimefungua akaunti tatu na bado sijafika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwongoza watalii, naishi Sakina hapa Arusha. Kazi yangu hasa ni ndege. Wageni wanaotaka kuona ndege ndio ninaowazungusha: Momella, Duluti, na wakiwa na siku za kutosha tunashuka mpaka Manyara. Sasa ni masika, wageni hakuna, gari limelala, nimebaki na simu mkononi.

Tangu X ilipozimwa hapa nchini Mei 2025 nimehamishia picha zangu Instagram, na huko wanaoziona ni shemeji zangu na watu wanaouza viatu. Mgeni mmoja Mjerumani niliyemtembeza mwaka jana akaniambia wapenda ndege wengi anaowajua wako Mastodon, mtandao wa kijamii kama X, na mimi niende. Nikapakua programu. Ikaniuliza seva. Shangazi, seva ninayoijua mimi ni ile wanayokuambia imeanguka siku umepanga foleni benki.

Nikachukua ile waliyonipendekezea wenyewe, mastodon.social, nikafungua akaunti. Binamu yangu wa Moshi, ambaye kompyuta anaijua kuliko mimi, akanicheka. Akasema hiyo ni ya wageni wote wasiojua wanachofanya, nitafute seva ya watu wangu. Nikaingia kwenye orodha. Kuna seva ya wanahistoria, ya waendesha baiskeli, ya miji ambayo hata jina siwezi kulitamka. Nikapata moja ya wapenda ndege. Wakaniletea fomu: kwa nini unataka kujiunga? Nikajaza: "Biashara na kujenga mtandao." Siku ya tatu ikaja barua pepe kwamba ombi langu limekataliwa. Sababu haikuandikwa. Nimeumia, sikufichi. Nikajiuliza kama ni kwa sababu natoka Tanzania.

Kwa hasira nikajiunga na ya tatu, ambayo ilinipokea palepale. Kwenye jalada ilikuwa na picha ya mlima, nikadhani ni ya wapanda milima. Kumbe ndani wote wanaandika Kijerumani, na habari yao kubwa ni treni zinazochelewa.

Kilichonimaliza kabisa ni binamu. Alinitumia kiungo cha ukurasa wake. Nikabonyeza, ukafunguka vizuri, nikabonyeza pa kumfuata, nikaambiwa niingie kwanza. Nikaweka nenosiri. Si sahihi. Nikaweka tena polepole, herufi moja moja. Si sahihi. Nikaomba nenosiri jipya, barua pepe haikuja mpaka leo. Nikamtafuta jina lake kwenye akaunti yangu, hayupo. Baada ya siku mbili akatokea, lakini yeye anasema ameweka picha arobaini, mimi naziona tatu. Nimefungiwa?

Naomba uniambie, niko kwenye mtandao mmoja au mitatu? Nikikosea seva nitawakosa hao watu wa ndege? Na rafiki yangu mwingine anasema niachane na mateso haya niende Bluesky, mtandao mwingine wa aina hiyo, kule hawakuulizi seva. Juni wageni wanaanza, sitakuwa na muda tena.

Nimeambatanisha picha ya mdiria wa Duluti, usije ukadhani nakutania kuhusu hizo ndege.

Mwongoza Ndege, Sakina

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa masika, na pole kwa treni za Wajerumani.

Nianze na nenosiri, maana naona hapo ndipo ulipokata tamaa. Mimi ni fundi simu, meza yangu haiko mbali na soko la Kilombero, na watu wamewahi kuniletea simu nzima wakidhani ina kirusi, kumbe shida ni hiyohiyo yako. Rudi kwenye ule ukurasa wa binamu, uangalie juu kabisa, pale panapoandikwa anwani ya tovuti. Hilo ni jina la seva yake, yaani mashine inayotunza akaunti yake. Wewe hukusajiliwa hapo. Rangi zinafanana, vitufe vinafanana, hata yule tembo mdogo wa Mastodon yupo, ila umesimama mlangoni kwa watu unajaribu kitasa kwa ufunguo wa kwako. Nenosiri lako lilikuwa sahihi muda wote. Na barua pepe haikuja kwa sababu seva ile haina habari zako, itamtumia nani?

Dawa yake ni ndogo mno mpaka inaudhi. Ukiletewa kiungo cha mtu, usihangaike kumfuata kutoka ukurasa huo. Kinakili. Fungua programu yako pale ulipokwisha kuingia, bandika kwenye sehemu ya kutafutia, subiri kidogo. Atatokea, na sasa kitufe cha kumfuata kitafanya kazi, kwa sababu uko nyumbani kwako. Siku hizi hata ukibonyeza kwenye ukurasa wa mwenzio, mara nyingi kinakuja kidirisha kinachouliza seva yako ni ipi. Andika jina la seva yako kitakurudisha kwako. Watu wanakiruka kwa haraka ya kuweka nenosiri.

Kwa nini ulipomtafuta kwa jina hukumpata? Kwa sababu ulitafuta nusu ya anwani. Huku anwani ya mtu ina vipande viwili: jina lake, kisha seva yake, yaani @jina@seva. Kipande cha kwanza peke yake hakitoshi. Ni sawa na mtu akuambie "namba yangu inaishia na 44" halafu akae asubiri umpigie.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Uko kwenye mtandao mmoja, una laini tatu. Mwenye Airtel anampigia mwenye Vodacom, hakuna anayeuliza kwanza wamesajiliwa wapi. Seva hizi nazo zinaongea kwa lugha moja inayoitwa ActivityPub, ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Januari 2018. Mastodon yenyewe ilikuwepo tangu 2016, ilianzishwa na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Hakujenga jengo moja kubwa la kuingiza watu wote. Aliiacha programu yake wazi, mwenye uwezo aisimike kwenye mashine yake na kukaribisha watu. Wakafanya hivyo maelfu, na ndiyo sababu orodha ile ilikutoa jasho.

Mfano wa laini usiubebe mpaka mwisho, lakini. Kwenye simu, tangu Machi 2017 hapa kwetu unaweza kuhama kampuni na namba yako ileile. Mastodon ni kinyume chake: ukihama seva anwani inabadilika, ila wafuasi wako unahama nao. Nitalirudia hili, ndilo linaloondoa nusu ya wasiwasi wako.

Sasa picha arobaini. Hujafungiwa. Seva yako haikai na nakala ya dunia nzima, haina diski ya kuiweka. Mtu wa kwanza wa seva yako anapomfuata binamu, ndipo machapisho yake mapya yanaanza kuletwa. Ya nyuma yanabaki kule kwake. Ni kama ulivyoomba kuletewa gazeti kuanzia leo: magazeti ya mwezi uliopita hayatakuja kwa baiskeli. Ukitaka picha zake za zamani, fungua ukurasa wake kwenye seva yake mwenyewe, utaziona zote. Kuanzia sasa kila mpya itakufikia.

Shikilia hapo hapo, kwa sababu kwako wewe hilo lina uzito kuliko kwa mwingine. Wapenda ndege huwapati kwa kukaa nao seva moja. Unawapata kwa hashitegi, lile neno lenye alama ya # mbele. Tafuta #birds, tafuta #BirdPhotography, halafu uifuate hashitegi yenyewe kama unavyomfuata mtu. Mastodon inaruhusu hivyo. Lakini seva yako itakuonyesha yale tu yaliyokwisha kuifikia. Seva ya watu thelathini inafuata watu wachache, kwa hiyo hashitegi ya ndege huko inaweza kuwa kavu kama mto wa Septemba, na wewe ukadhani dunia haina wapenda ndege. Seva yenye watu wengi imekwisha kuunganishwa na kila pembe, hivyo hashitegi ileile inatiririka. Binamu yako hili hakukuambia. Aliposema utafute seva ya watu wako alikuwa na nusu ya haki, na nusu nyingine ndiyo iliyokupoteza wiki mbili.

Nina kisa changu, na ndicho kilichonibadilisha mawazo kuhusu kuchagua.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 Elon Musk aliponunua Twitter, watu walikimbia kwa makundi, na mimi nikiwemo. Nikachagua seva kama unavyochagua kitenge: jina lilikuwa tamu, rangi ilikuwa nzuri. Tulikuwa kama watu mia mbili. Iliendeshwa na bwana mmoja, mpole kweli, akisema mashine iko chumbani kwake. Nilikaa humo miezi saba. Nikapata watu mia tatu na kitu wanaonifuata, wengi wao mafundi simu wenzangu wa India na Brazili; tulikuwa tunatumiana michoro ya bodi na picha za saketi zilizoungua. Jumatatu moja nikafungua, ukurasa mweupe. Jumanne mweupe. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na kwaheri. Mpaka leo sijui kama yule bwana aliugua, alichoka au alishindwa kulipia. Na wafuasi wangu sikuweza kuwahamisha, kwa sababu kuhama kunahitaji ile seva ya zamani iwe hai ili iwaambie watu kwamba fulani amehamia huku. Seva iliyokufa haisemi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "seva ipi?" simuulizi tena anapenda nini. Namuuliza anajua nani anaifagia. Umekulia huku kwetu, unajua mfereji wa maji unavyoendeshwa mlimani: kuna zamu ya kuuzibua, kuna wazee wanaosikiliza kesi ya aliyeiba zamu ya mwenzie. Mfereji wenye mtu mmoja tu wa kuuzibua, akisafiri migomba inakauka.

Utajuaje? Kila seva ina ukurasa unaoitwa "Kuhusu". Watu wanaupita kama mkataba wa mkopo. Usome, ni dakika tano. Uone msimamizi ni nani, na kama wako zaidi ya mmoja. Uone ilianza lini. Iliyomaliza miaka mitatu imekwisha kupita majaribu kadhaa. Uone hela inatoka wapi, maana matangazo huku hayapo na mashine zinalipiwa. Nyingi zinachangiwa na watumiaji wenyewe, na nzuri zinaweka hesabu hadharani kama kikoba kinachojiheshimu. Hulazimiki kuchanga, ila mahali ambapo hakuna anayechanga na hakuna anayesema nani analipa, mimi sikai. Mwisho uone sheria zao na orodha ya seva walizozikata, kwa sababu seva inaweza kukataa kabisa kuongea na nyingine. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliojaa maneno ya chuki, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon, seva nyingi ziliufungia mlango. Maana yake ukijisajili kwenye seva ya wahuni, hata wewe usiye mhuni utajikuta watu wastaarabu hawakusikii.

Orodha iliyoko joinmastodon.org imekwisha kukuchujia kiasi. Ili seva iwekwe pale, lazima iahidi mambo machache: inaweka nakala rudufu kila siku, kuna watu wasiopungua wawili wanaoweza kuingia kwenye mitambo ikitokea dharura, inasimamia kwa vitendo marufuku ya ubaguzi, na ikitaka kufunga inatoa taarifa angalau miezi mitatu kabla. Miezi mitatu! Mimi hata siku tatu sikupewa. Ahadi ni ahadi tu, hakuna polisi, lakini ni bora kuliko jina tamu.

Kitu kingine nakuomba ukitazame, najua utaona nimezidi: mwisho wa jina la seva. Zile herufi mbili za mwisho mara nyingi ni mali ya nchi fulani, hata kama seva haihusiani nayo, watu wanazipenda kwa kuwa zinaunda neno zuri. Kulikuwa na seva iliyotumia .af, ambayo ni Afghanistan. Februari 2024 utawala wa Taliban ukalisitisha jina lile, na anwani za watu wote waliokuwamo zikawa hazifiki popote. Mashine ilikuwa nzima. Jina ndilo lililokatwa.

Tuje kwenye kukataliwa. Hukukataliwa kwa sababu ya Tanzania, mwanangu, ulikataliwa kwa sababu ya maneno manne uliyoandika. Jiweke mahali pa yule msimamizi. Ametoka kazini jioni, ana maombi kadhaa ya kusoma, na sehemu kubwa ni roboti na watu wa kuuza sarafu za kidijitali. Wote wanaandika nini? Biashara na kujenga mtandao. Wewe una kitu ambacho hakuna roboti anacho, ukakificha! Andika hivi, kwa Kiingereza au lugha yoyote ya seva ile: "Ninaishi Arusha, Tanzania, kazi yangu ni kuongoza watu wanaokuja kutazama ndege. Napiga picha za ndege wa ziwa Duluti na maziwa ya Momella, ningependa kuziweka hapa na kujifunza kutoka kwa wenzangu." Sentensi mbili. Nenda kajaribu tena hata leo, ukipenda. Na ukikubaliwa soma sheria zao kuhusu matangazo, kwa sababu seva nyingi za burudani hazitaki mtu anayeweka bei za safari kila siku. Weka ndege siku zote. Kazi yako iandike kwenye wasifu. Mgeni anayetaka kuja atakuuliza mwenyewe.

Hapo nikuonye jambo ambalo kwa kazi yako ni kubwa. Mgeni akikuuliza, mtaanza kuandikiana faragha. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji wa kumfanya asome mwandikiwa peke yake. Msimamizi wa seva yako, na wa seva ya mwenzako, akitaka kuufungua anaweza. Sisemi wanachungulia, wengi hawana hata muda. Lakini picha ya pasipoti ya mgeni, namba ya kadi yake, usipokee wala kutuma huko. Mpe barua pepe au WhatsApp, malizieni kule.

Sasa nikuchagulie, maana najua umesoma mpaka hapa ukitafuta jibu moja.

Baki mastodon.social. Ndiyo, ile binamu aliyokucheka nayo. Inaendeshwa na shirika lilelile linalotengeneza programu ya Mastodon, ni kubwa kuliko zote, hashitegi zake zinatiririka, na haitaamka Jumatatu ikiwa nyeupe. Tangu Mei 2023 ndiyo programu inayompendekezea kila mgeni, baada ya wao wenyewe kuona watu wanaishia kwenye orodha kama ulivyoishia wewe. Wakongwe wanailaumu. Wanasema watu wakirundikana mahali pamoja basi tumejenga jengo lilelile tulilolikimbia, na wanasema pia kwamba wasimamizi hawawezi kumfahamu kila mtu kama kwenye seva ndogo. Wana hoja, na mimi mwenyewe leo siko huko. Ila wewe una wiki chache za masika na hujui bado hata majirani gani unawapenda. Mgeni akifika mjini usiku analala kwanza, nyumba ya kupanga anaitafuta asubuhi.

Na kuhama, kama nilivyosema, kupo. Ukishajua seva unayoitaka, unafungua akaunti huko, unazitambulisha mbili hizo kwenye mipangilio, unabonyeza kuhama. Wafuasi wako wanavutwa kwenda akaunti mpya bila wao kufanya lolote. Orodha ya wale unaowafuata wewe unaipakua kama faili na kuipandisha upya kule. Machapisho ndiyo hayahami, yanabaki kwenye nyumba ya zamani. Kwa hiyo picha zako halisi zitunze kwenye diski yako, usiifanye Mastodon kuwa kabati. Ukishahama unakaa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena, basi usihame kwa hasira kama ulivyojiunga na ile ya tatu. Na ile faili ya unaowafuata ipakue kila baada ya mwezi hata kama huhami. Hilo nililijifunza kwa ukurasa mweupe.

Ile ya treni ifunge kama huitaki, lakini jua kwamba jina ulilolitumia pale halitapatikana tena kwenye seva ileile, hata kwako wewe. Na kwa haki yao, wale Wajerumani hawakukuvamia. Ulikuwa umefungua ukurasa wa majirani, unaoonyesha kila kitu kinachoandikwa ndani ya seva hiyo. Ukurasa wako wa mwanzo ni mwingine: una wale tu uliowafuata, kwa mpangilio wa saa, hakuna mashine inayoamua uone nini. Ndiyo maana mwanzoni unakuwa mtupu kama kanisa Jumatano. Fuata watu hamsini, utajaa. Ukiona lugha zinakuzidi, kwenye mipangilio unaweza kuchagua lugha unazotaka kuona kwenye kurasa zile za umma, na unapoandika Kiswahili uiambie kwamba ni Kiswahili.

Bluesky? Rafiki yako hajakosea, kule hawakuumizi kichwa na seva, kwa sababu karibu kila mtu anawekwa kwa kampuni yenyewe bila kuulizwa. Kuna wapenda ndege wengi tu. Wanatumia lugha nyingine, AT Protocol, kwa hiyo mtu wa huko na wa Mastodon hawaonani mpaka wapitie daraja la katikati. Ukiwa na muda wa kuwa sehemu mbili, kuwa. Mimi nilichoona ni kwamba mwongoza watalii mwenye akaunti sita zilizokufa anaonekana kama kampuni iliyofilisika.

Binamu mwambie Shangazi anamsalimu, na akutumie anwani yake ya vipande viwili.

Kuhusu mdiria wako: ni mzuri, ila umetuma ile iliyokatwa mkia, naamini unayo nyingine. Ukiiweka huko, chini ya picha kuna kisanduku cha maelezo kwa ajili ya wasioona, programu ya simu zao inawasomea. Watu wa Mastodon wanakithamini sana hicho, wapo wasiosambaza picha isiyo na maelezo. Weka hivi: "Mdiria ameshika samaki mdomoni, juu ya tawi lililoinamia maji, nyuma yake ziwa Duluti la kijani, asubuhi." Nimekuandikia kabisa, usiniambie huna muda.